Mashine ya Boti Iliyogoma Kuzima Lizaboni

Enzi zetu, nikiwa darasa la tano, niliijaza oili mashine ya boti ya mjomba mpaka ikafika shingoni, halafu mtu mwingine akatukanwa kwa kosa langu huku namtazama. Ndiyo, nimesema enzi zetu. Niko kidato cha tatu, na ndevu ni tatu pia, lakini enzi ninazo.

Nyie mliokulia Lizaboni, hapa Songea, mnakumbuka. Hatukuwa na simu za kuinamia. Tulikuwa na matairi ya kusukuma, gololi, chandimu mpaka mpira hauonekani, na baridi ya Juni iliyotufanya tugombee nafasi karibu na jiko kuliko tulivyogombea nyama. Mdogo wangu wa siku hizi ukimwambia toka nje ukacheze, anakuuliza kama huko nje kuna bando.

Sasa mwaka ule Mjomba Kosmasi, mdogo wake mama, anayevua samaki Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, alileta mashine ya boti yake kutengenezwa mjini. Ikawekwa uani kwetu, imefungwa kwenye fremu ya mbao. Songea mjini hakuna ziwa, ila sisi meli tulikuwa nayo. Tukitoka shule tunaipanda: mimi nahodha, wenzangu abiria, mngurumo tunautoa kwa midomo mpaka mate yanaruka. Mama akianza kukaanga dagaa wa Nyasa na nyanya, nahodha anashuka mbio na kuacha abiria wazame.

Fundi alikuwa Mzee Saidi wa mtaa wa Bombambili, mtu wa Tunduru, maneno mengi kuliko redio. Ijumaa jioni akamaliza kazi, akaweka oili, akaniita nione alama kwenye kijiti cha kupimia. "Umeona, kapteni? Hapa hapa, isizidi. Kesho meli yako inaondoka." Akaenda zake, galoni iliyobaki akaiacha pembeni.

Tatizo ni kwamba kwetu sahani ya msafiri haiachwi na nafasi. Mama anapakua ugali, anashindilia, mgeni analalamika kwamba ameshiba, anaongezwa tena. Ndivyo nilivyolelewa. Na mashine ilikuwa inasafiri! Mama alipoingia jikoni, nikafungua kifuniko, nikaipakulia galoni yote. Wallahi sikuwa na ubaya wowote. Niliionea huruma, safari ya ziwani ni ndefu.

Jumamosi asubuhi majirani walijaa uani. Mjomba akazungusha hendeli, mashine ikanguruma vizuri, watu wakapiga makofi. Kidogo, mlio ukaanza kupanda. Ukapanda tena, na hakuna aliyegusa kitu. Mjomba akavuta waya wa kuzimia, wapi. Akachomoa mpira wa dizeli, dizeli ikamwagika chini, mashine ikazidi kupiga kelele kama inamcheka. Moshi mweupe ukafunika uani, kuku wakaruka ukuta, fremu ikawa inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba.

"Limepanda pepo la ziwa hilo!" akapiga yowe Mama Zawadi, jirani yetu. "Kosmasi, ulivua nini huko?"

Mjomba alikuwa ameikumbatia fremu isije ikatuangukia. "Dada! Ziba pale inapovuta hewa! Ziba na chochote!"

Mama ndiyo kwanza alikuwa anatoka kwenda jumuiya ya kanisani, kajifunga kitenge kipya cha sare. Hakuhangaika kutafuta gunia. Alikivua, akabaki na shimizi mbele ya watu wote pale uani, akakikunja na kukisokomeza kwenye lile tundu. Mashine ikakivuta, ikakohoa, ikazima. Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye hucheka misibani.

Mjomba akachomoa kijiti, akakitazama. "Imejaa mpaka shingoni! Oili ikizidi hivi inapanda juu, mashine inaichoma kama dizeli. Ndiyo maana unakata mafuta na haizimi, inakula iliyo tumboni mwake." Akamgeukia Mzee Saidi, aliyekuwa amekuja kuiaga mashine. "Mzee, wewe ni fundi wa namna gani? Hii ingetuulia watu ziwani. Nitawaambia wavuvi wote, asiletewe mashine tena mtu huyu!"

Yule mzee wa maneno mengi akapata machache tu. "Mimi niliacha kwenye alama, baba." Halafu akanitafuta kwa macho, akatabasamu. "Kapteni, si tulipima wote jana?"

Mikono niliificha nyuma. Kucha zilikuwa zinanuka oili.

"Mimi sikuona," nikasema.

Mama, sasa kajifunga khanga ya kuazima ya Mama Zawadi, akazunguka nyuma yangu, akaitazama mikono.

Mchana akanishika tukaenda Bombambili kwa miguu. Njia nzima nilipanga maneno, na yalikuwa mazuri. Mlangoni kwa Mzee Saidi nikatoa shikamoo, maneno yakaishia hapo. Mama akasubiri. Akasubiri tena. Mwisho akapiga goti yeye. "Baba, aliyeijaza ni mwanangu. Kosmasi nimeshamwambia, anakuja mwenyewe kukuomba radhi." Mzee Saidi akacheka kile kicheko chake. "Kumbe kapteni amezamisha meli nchi kavu!" Akatupa karanga za kukaanga. Nilizishika tu kiganjani.

Siku hizi mdogo wangu akipasua kioo cha simu anasema kimejipasua chenyewe, kisha anaendelea kutazama katuni. Namzomea, nasema watoto wa sasa hawana aibu. Halafu nazitazama kucha zangu. Mzee Saidi bado ana karakana yake, na nikipita na sare ya shule bado ananiita kapteni kwa sauti ya mtaa mzima. Natamani sana yale matairi, wale dagaa, ile meli yetu isiyo na ziwa. Ila siwezi kuvirudia bila kupitia mlango ule wa Bombambili, nyuma ya mama aliyepiga goti.

Tulipokuwa tunarudi alitembea mbele bila kugeuka. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama, akajifunga vizuri ile khanga isiyo yake, akasema:

"Mimi nimevua kitenge mbele za watu. Wewe neno moja tu limekushinda."