Vidole Vitatu Nilivyovificha

Kwetu Usinge, tumbaku ikishatoka kwenye bani la kukaushia, haifungwi robota mpaka niishike mimi. Natia jani kati ya dole gumba na vidole viwili, nalisugua, nasema: hili tayari, hili bado lina maji. Kazi hiyo niliifanya tangu marehemu mume wangu yu hai, na sikumwachia mtu.

Msimu ule vidole vyenyewe vitatu, vya mkono wa kulia, vilikuwa vimekufa ganzi. Kila nikiamka nakung'uta mkono kama aliyeshika siafu. Sikumwambia mtu. Nikawa naangalia rangi ya jani, nasema tayari.

Marobota mawili yakakutwa na ukungu siku ya soko. Mteuzi, yule anayepanga madaraja ya tumbaku, akayakataa mbele ya watu. Nikamgeukia mke wa mwanangu pale pale: "Wewe ndiye uliyeyanyunyizia maji mpaka yakalowa. Kwenu hamkufundishwa kazi?" Akainamisha kichwa.

Siku chache baadaye niliinua sufuria motoni kwa mkono mtupu, huku naongea.

"Mama, unaungua!"

"Najua." Sikujua. Harufu ya ngozi yangu aliisikia kwanza yeye, mke wa mwanangu.

Akanipeleka hospitali, Tabora mjini. Daktari, wa umri wa mjukuu wangu, akanipa shikamoo, kisha akanigonga kwa kidole penye kifundo cha mkono. Shoti ikakimbia mpaka kwenye kucha.

"Mshipa wa fahamu umebanwa hapa, bibi. Tutapasua kidogo tuufungue. Lakini umechelewa. Ona, nyama ya shina la dole gumba imeshanywea. Kuchomwachomwa kwa usiku kutaisha. Kuhisi tena, hapo siwezi kukuahidi."

Walinichoma sindano ya ganzi, nikalala macho wazi, nikisikia wanavutavuta kama wanafungua gunia. Sikuomba jambo jingine ila vidole.

Siku ya kutoa nyuzi daktari akaniambia nifumbe macho, ananigusa kwa pamba.

"Kipi?"

"Cha kati."

"Sasa?"

"Gumba."

"Sasa?"

"Cha shahada."

Mke wa mwanangu akaguna. "Dokta, anabahatisha huyu. Hapo hata hujamgusa."

Nilitaka kumkaripia. Daktari akaniwahi.

"Bibi," daktari akasema, "usiponiambia kweli nitakutibu vipi?"

"Cha kati nakisikia," nikasema, macho bado nimefumba. "Cha shahada kidogo sana. Gumba hakuna kitu. Na msimu ule sikukisikia hata kimoja. Yale majani niliyapitisha mimi, mabichi. Huyu sikumtendea haki."

Nikasikia kiti cha mke wa mwanangu kinasogea karibu.

"Mbele ya watu ulinisema, mama."

"Mbele ya watu nitalirudisha neno lile. Jumapili, wakitoka kanisani."

"Na majani?"

Nikafumbua macho. Alikuwa ananitazama usoni, bila woga, kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Utashika wewe," nikasema. Neno hilo liliniuma kuliko kisu.

"Haya," akasema. Hata asante hakutoa, na mimi sikuidai.