Meneja na Miguu ya Mama

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na anajiamini kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mpelekee kitambaa kilichokatwa ovyo na fundi mwingine, atakigeuza mara mbili, atabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha akwambie urudi Alhamisi. Na Alhamisi nguo itakuwa tayari. Nimemtafutia kasoro miaka kumi na moja, maana ndiyo kazi ya mawifi, nikaambulia moja tu: paka wake.

Alimwokota akiwa mdogo kama ngumi, akamwita Meneja kwa sababu alizunguka chumba cha kushonea akikagua kila kitu bila kufanya kazi yoyote. Fundi akinyoosha kitambaa mezani, mkono ukapita chini yake, Meneja alikirukia kile kivimbe kinachotembea na kuking'ata. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiingiza mkono kwa makusudi. Mwaka mzima tulimfundisha kwamba chochote kinachocheza chini ya kitambaa ni halali yake, halafu meno yalipokomaa tukashangaa wateja wanaondoka na mikwaruzo.

Kisha mama yetu akahamia pale. Mama ana kisukari. Kidonda kidogo mguuni kwake ni miezi mitatu ya kliniki. Wiki ya pili, akiwa amejilaza kwenye kochi na blanketi miguuni, Meneja alimng'ata kidole gumba. Damu ilikuwa tone moja tu, lakini kaka alipandwa na hasira.

"Huyu paka aondoke leo!"

"Nipe mwezi," fundi akajibu, cherehani ikiendelea kwenda.

"Mwezi? Na mama akikatwa mguu?"

"Atavaa viatu vya ndani, vile vigumu. Mlango wa chumba chake tutaufunga. Baba Watoto, huyu paka nimemharibu mwenyewe. Nguo nikiikosea naifumua, siitupi."

"Na aking'ata tena?"

"Nitampeleka mwenyewe kwa watu wengine."

Akaanza kufumua. Vidole vilipigwa marufuku. Alifunga kipande cha kitambaa kwenye kamba, kamba kwenye fimbo ya pazia iliyovunjika, na kila asubuhi na jioni Meneja alikimbizana nacho mpaka akikamate, ndipo apewe chakula. Mkia ukianza kupiga huku na huku, masikio yakilala nyuma, mchezo umekwisha, kila mtu amwache. Alimwekea pia mto juu ya kabati, wateja wakizidi apande akapumzike. Kofi hakumpiga hata moja. Nilipomwambia dawa ya paka ni fimbo, alinitazama juu ya miwani.

"Wifi, wewe si ulichapwa sana utotoni? Na mdomo bado unao."

Wiki ya tatu ya ule mwezi nilipitisha mkono chini ya kitambaa mbele ya pua ya Meneja, kwa bahati mbaya, naapa. Akapiga miayo.

Siku nne kabla ya mwezi kuisha, Jumapili nilipokuwa pale, mama akang'atwa tena. Alama mbili za meno kwenye kisigino. Ngozi haikutoboka, bahati tu, na mama alidai amevamiwa usingizini. Kaka alileta boksi tupu na kuliweka miguuni pa mkewe.

"Ahadi ni ahadi," fundi akasema. "Nitampeleka jioni. Lakini viatu vilikuwa wapi? Na mlango alifungua nani?"

"Unataka kusema mama yangu ni mwongo?"

"Nataka kuona, basi."

Tukakaa kwenye korido, yeye akishona vifungo kwa mkono, mimi nikijifanya namsaidia. Haikupita nusu saa, mlango wa mama ukafunguka taratibu. "Pss, pss." Meneja akaingia. Tukachungulia. Mama alitazama kulia, akatazama kushoto, akavua viatu, akafunika miguu kwa kanga, kisha akaanza kuchezesha vidole.

"Mama!" fundi akaita.

Mama alishtuka, kisha akakunja uso kwa ukali wake wa zamani.

"Mama nini? Kutwa nzima mnaniuliza, dawa umekunywa? Umekula? Sukari ngapi leo? Anayenigusa bila kunipima ni huyu peke yake."

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Mimi ndiye ninayekuja kila Jumapili na mfuko wa matunda, nikakaa ukingoni mwa kiti, jicho kwenye saa.

Fundi hakupoteza muda. Alimwita mumewe, wakalibeba kochi mpaka chumba cha kushonea, wakaliweka kando ya cherehani. Kisha akamkabidhi mama ile fimbo yenye kamba.

"Kuanzia leo mwalimu wa Meneja ni wewe. Mimi nina nguo za harusi, sina muda. Ila miguu, mama, hapana."

"Nimesikia," mama akasema, na fimbo tayari ilikuwa inacheza. Kaka alilikunja boksi na kuliweka nyuma ya mlango.

Nikaweka mkoba chini. Nilikaa sakafuni, nikaupakata mguu wa mama, nikaanza kuukanda kwa mafuta, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akaruka kidogo.

"Mikono yako ina baridi."

Nikaiondoa haraka.

"Sijasema uitoe," mama akasema.