Aliyetangulia Kuzaliwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha karate jioni katika ukumbi wa kanisa pale Berea, ugenini kusini mwa Afrika. Wanafunzi wangu walikuwa Wakongo wenzangu, wengi wao vinyozi na walinzi wa magari, na kila aliyeingia aliniinamia akasema "sensei". Nililizoea neno lile mpaka likawa kama jina langu. Kisha yaya wangu akaja.

Yaya, kwetu Lubumbashi, ni mkubwa wako wa tumbo moja, na mkubwa haitwi kwa jina wala haamrishwi. Huyu wangu alikimbia vita na shati moja mwilini. Alilala kwangu, hana kazi, amenuna kutwa. Nikawaza: aje ajifunze, wenye maduka wanapenda mlinzi anayejua kujitetea. Wazo zuri, au sivyo?

Alipofika ukumbini akavua viatu kama wengine. Wenzake wakainama. Yeye wima kama mlingoti. Nikamwambia kwa upole, "Yaya, hapa tunainama, tunasema sensei." Akaniangalia kuanzia utosini mpaka vidole vya miguu, akavaa viatu vyake, akatoka. Tangu jioni ile hakugusa chakula changu wala hakuitika salamu. Majirani ndio walioniambia kwamba anataka kuhama. Eish, nilichanganyikiwa! Nimemkosea nini? Ndugu niliyebaki naye duniani ni huyo tu, na alikuwa ananiponyoka nikimwona.

Nikaona nianze na neno lenyewe: nikijua maana yake, nitajua pa kumshika. Mwalimu wangu wa karate, Mhindi wa mtaa wa Chatsworth, alisema kwa Kijapani ni mwalimu, na daktari pia huitwa hivyo, umri hauhesabiwi. Sikuridhika. Nikanakili zile alama mbili za neno hilo zilizochorwa ukutani mwa ukumbi, nikampelekea Mchina mwenye duka la ndala kule Isipingo. Akazitambua papo hapo, ila akazisoma "shiensheng". Kwao, akasema, ni "bwana", unavyomwita mteja yeyote. Mkewe akadakia kutoka nyuma ya kaunta: ni mume! Yeye humwita mumewe hivyo mbele za watu. Loo! Mwalimu, daktari, mteja, mume. Nikauliza, basi alama zenyewe zinasemaje? Mchina akagusa ya kwanza: kutangulia. Akagusa ya pili: kuzaliwa. Neno la kale la kwao, Wajapani walilichukua pamoja na maandishi.

Nilipanda teksi kichwa kinazunguka. Kumbe muda wote huo wananiita mkubwa? Mimi, kitindamimba? Na yaya ndiye niliyemtaka aniite mkubwa wake! Sikujua nicheke au nione haya. Mwishowe nikachagua kucheka, nikajua naye atacheka.

Nikamkuta anafunga begi. Nikamsimulia yote, ndala, kaunta, mke wa Mchina, nikicheka peke yangu mpaka nikafika kwenye maana ya mwisho. Hakucheka. Akakaa kitandani.

"Nyumba niliacha," akasema. "Kazi niliacha. Bibi na watoto, sijui beko wapi. Hapa nakula mukononi mwako kama mutoto. Kitu moja tu iko imebakia: nilizaliwa mbele yako. Na ile nayo unaitaka?"