Koti la Dereva wa Zahanati
Kila asubuhi ya baridi kali, Tuyaara, mkunga wa zahanati, humkuta dereva wao mzee chini ya gari, akiipasha moto injini kwa jiko dogo la petroli. Kisha mzee huvua glavu na kugusa boneti: "Haya mama, amka." Gari likishawaka halizimwi hadi jioni, lisigande, hata supu huinywa humo humo. Leo, wakipita juu ya barafu ya mto Lena ulioganda, mjamzito akigumia kwa uchungu kwenye kiti cha nyuma, upepo uliipoza injini ikaanza kukohoa. Dereva akavua koti lake la manyoya, akaziba nalo mbele ya injini, akaendesha akiwa na sweta tu.

"Mzee, utaganda!" Tuyaara akamaka.

"Mimi nina chai. Huyu hana," mzee akajibu, akiupapasa usukani.

Wakafika hospitali salama. Adhuhuri Tuyaara akamletea habari: mtoto wa kike. Dereva alitabasamu, meno bado yakimgongana, akauliza neno moja tu: "Kafunikwa?"