Bunduki ya Kukulia

Jumamosi saa nne asubuhi, katika duka moja la Randburg, baba Mkongomani alikuwa akimchagulia bintiye wa miaka kumi na mitatu bunduki ya upepo. Mchana huo binti alikuwa na majaribio ya timu ya shabaha ya shule.

"Tupatie ile kubwa, ndugu," baba alimwambia muuzaji, Mtanzania. "Mutoto anakomaaka."

Binti aliinua bunduki hiyo tupu. Mtutu ukashuka taratibu hadi kwenye viatu vya baba. Baba akasogeza miguu.

"Mzee, hii si sweta ya shule. Majaribio ni leo."

Sisi wazazi huwanunulia watoto vitu vya mwaka kesho.

Binti akajaribu nyepesi, yenye kitako kifupi. Mtutu ukatulia.

"Na ikimubana?"

"Utampa mdogo wake."

Baba akalipia ile nyepesi.