Tike Bila Matusi

Bwana yangu hakuwahi kununua tike ya kuingilia mpira bila kutukanwa kwanza. Wajukuu wangu wakisikia hivyo wanacheka, wanafikiri kambo wao, bibi yao, amezeeka, anachanganya mambo. Sichanganyi kitu.

Wakati ule nchi ilikuwa Zaire na shaba ndiyo iliyotulisha. Timu yetu ikicheza, tike zilikuwa zinaisha dirisha la gishe halijafunguliwa. Wakubwa wenye suti za abakosti walichukua zao bure, na vitita vilivyobaki vilitokea mlango wa nyuma, vikaingia mfukoni mwa makomisionere. Komisionere ni mtu wa kukuuzia kile ambacho ungenunua mwenyewe kama asingekuwepo. Sisi tulikuwa na wetu. Alisimama kila Jumapili penye ukuta wa kiwanja, pembeni ya akina mama wa karanga, tike zimejaa ndani ya kofia kichwani. Alikuwa mtu wa ukoo wa chui. Bwana yangu alikuwa wa ukoo wa mbuzi.

Kwetu, chui na mbuzi ni watani tangu mababu. Chui anaweza kumwambia mbuzi neno lolote, anaweza kumnyang'anya sahani ya bukari, ugali wetu, mbele ya watoto wake, na mbuzi hana ruhusa ya kukasirika. Anangoja zamu yake. Na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayemcheka maiti mbele ya wafiwa. Asipofanya hivyo ni kama amemtupa.

"Angaliyeni, nyama yangu iko nakuya yenyewe," komisionere alikuwa anasema akituona. "Na mundefu yake yote."

"Toa tike, weye chui ya kuoza meno," bwana yangu anajibu. "Ulikula mbuzi gani mu maisha yako? Uko nakula karanga tu ya bamama."

"Weye njo ntakula. Njo maana nakuuzisha nafasi ya penye jua, nyama ikauke muzuri."

Kila tusi tamu lilishusha bei kidogo, na bwana yangu alikuwa na matusi matamu. Mimi masista walinifundisha kushona na kusali, wakaishia hapo. Lakini mume nilijichagulia mwenyewe, na nilichagua vizuri. Alikuwa mrefu, sauti yake ilifika ng'ambo ya barabara, na akianza kumtukana komisionere watu waliacha kuhesabu chenji wapate kusikiliza. Mimi nilisimama nyuma yake na kikwembe changu kipya kiunoni, nikijifanya ninaona haya.

Halafu kifua chake kikaharibika. Tangu ujana alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi, na vumbi la shimoni halitoki kwa kukohoa. Kazi ikaisha, na nyumba ya kampi ya kampuni ikaenda pamoja na kazi. Tukahamia Annexe, nje ya mji, nikalima mahindi na mihogo, yeye akikaa mlangoni akinihesabia makosa ya jembe. Siku moja daktari aliniita peke yangu. Akaniambia bwana yangu hataziona mvua zinazokuja. Nilitoka, nikajipangusa uso, nikamkuta kwenye benchi anangoja.

"Anasema ni bronshiti," nikamwambia.

Akashika fimbo yake, tukaenda. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu: afe siku yake ya kufa, asianze mapema. Nilishaona wanaume wa kampi walioambiwa ukweli. Waligeukia ukuta, na tangu saa ile hakuna mtu aliyepata kuona uso wao tena.

Ikasikika kwamba timu ya Zambia inakuja kucheza kwetu. Bwana yangu akakataa hata kusikia habari ya redio. "Hii ntaiona na macho yangu," akasema. Siku chache kabla ya mechi, komisionere akiwa ameshaanza kuuza pale ukutani, tukapanda lori la makala ya kupikia kwenda mjini. Alivaa koti lake la Jumapili, likamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Njiani alikuwa anatayarisha matusi. Alinijaribishia mawili, nikacheka mpaka dereva akageuka. Tangu alipougua sikuwa nimecheka hivyo.

Komisionere alituona tukiwa bado mbali. Aliliona koti, aliiona fimbo. Nikaona mkono wake unapanda kichwani na kuvua kofia.

Bwana yangu alianza. "Weye chui, bado uko muzima? Nilizani banashafanya kofia na ngozi yako."

Watu waliangalia nyuma yao kwanza, ndipo wakacheka. Siku zile kofia ya chui ilikuwa na mwenyewe, naye ni Rais, na haikuchezewa.

Komisionere hakucheka. "Karibu, baba," akasema. "Ikala hapa, pa kivuli." Akamgeukia mama wa karanga. "Mama, muletee mayi ya kunywa."

Bwana yangu akabaki amesimama, anangoja. Hata mimi nilingoja. Nilijua tusi liko nyuma ya ule upole, linakuja.

"Hii ni ya tribini," komisionere akasema. "Hapana kulipa, baba. Ni yako. Mungu akusaidie."

Akampa tike kwa mikono miwili.

Ilikuwa ya kijani, ya mahali penye paa, ambapo sisi hatukuwahi kukaa. Bwana yangu aliigeuza mkononi. Kisha akanitazama mimi.

"Haiko bronshiti," akasema.

Tulirudi nyumbani. Aliiweka tike dirishani, akalala, akageukia ukuta. Habari ya mechi hakuitaja tena. Bukari nilipeleka nikairudisha nzima.

Kesho yake nikaenda peke yangu ukutani pale. Komisionere aliponiona akataka kuvua kofia tena.

"Acha ile kofia," nikamwambia. "Nani alikutuma umwite baba?"

"Nilimusikilia huruma, mama."

"Huruma yako uiuzishe kule. Munganga ya hospitali alifunga kinywa. Miye muke yake nilifunga kinywa. Weye ukamuonyesha kaburi na mikono mbili. Sasa utakuya kumutukana."

"Mama, siwezi. Haukumuona?"

"Miye nalala naye. Na hapana kuniita mama. Miye ni nani?"

Alitazama chini. Akina mama wa karanga waliacha kupima, wakageuka.

"Muke ya mbuzi," akasema, sauti ndogo.

"Sisikie."

"Muke ya mbuzi, unanuka sawa bwana yako."

"Njo vile," nikasema, nikaondoka, maana machozi yalikuwa yananijia na sikutaka ayaone.

Alikuja Jumapili ile ile ya mechi, siku ambayo komisionere anapata chakula cha mwezi mzima. Alisimama mlangoni, akaanza kwa sauti kubwa kupita kiasi: "Wapi nyama yangu? Banasema iko nakauka yenyewe, bila chumvi."

Bwana yangu akafungua macho. Midomo yake ikatingishika, nikaona kabisa tusi linatafuta njia ya kutoka. Kikohozi kikalichukua. Komisionere akaketi chini, akamtukana mchana mzima, yeye na ukoo wake na ndevu zake, redio ikisema polepole pembeni. Mara moja bwana yangu alitabasamu. Kujibu, hakujibu. Lakini hakugeukia ukuta tena, si siku ile wala zilizofuata. Alikufa mahindi yakiwa hayajapandwa, uso wake umeelekea mlangoni.

Kaburi alilichimba chui. Tulipofika makaburini na jeneza, tukamkuta amesimama katikati ya njia, kofia imejaa vipande vya karatasi.

"Hakuna kuingia bila tike," akapiga kelele. "Leo mbuzi iko nacheza, kiwanja imeshajaa. Mulizani mutamuona bule?"

Watu wakacheka huku wanalia. Wakatoa sarafu zao za makuta, kama desturi inavyotaka, kila mmoja akapewa karatasi yake na kupita. Nilipofika mimi, sikutoa makuta. Nikafungua fundo la kikwembe, nikatoa ile tike ya kijani. Ilikuwa nzima, kona zote nne.

Aliishika kama mtu anayeshika kaa la moto. Kazi ya mtu wa mlangoni ni kukata kona ili upite, lakini vidole vyake havikufanya kitu. Nikaona midomo yake inataka kusema mama.

"Kata," nikamwambia. "Kata, weye chui ya kuoza meno."

Akakata. Nikapita.