Usipa Niliowafunika Turubai

Mimi ni mtu wa kujibu kwa kichwa. Ukiniuliza kama nimeshiba, natikisa. Ukiniuliza kama nimeelewa, natikisa, hata kama sijaelewa kitu. Shuleni walimu walishanizoea, na nyumbani kwetu Mapera, kule milima ya Mbinga, wanasema nilichelewa kuongea na bado sijamaliza kuchelewa. Safari ya Mbamba Bay ndiyo iliyonionyesha kwamba kichwa peke yake hakitoshi.

Tulikwenda wawili, mimi na rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekwisha, mashamba yalikuwa tayari yakingoja mvua za kupandia, na yeye akasema, "Twende ziwani kwa mama mkubwa wangu. Kulala bure, kula bure, kazi yetu ni nauli tu." Mama yake ni mtu wa ziwani aliyeolewa huku milimani, kwa hiyo kwake ilikuwa kwenda kwao. Mimi ziwa nilikuwa nimeliona kwenye ramani tu.

Hata hiyo nauli hatukuwa nayo. Tulipanda lori lililokuwa likipeleka saruji kwa mtu anayejenga nyumba ya wageni, kwa makubaliano kwamba tukifika tutasaidia kushusha. Tulisaidia. Tulipoingia uwanjani kwa Mama Mkubwa tulikuwa weupe kuanzia nywele hadi kope, nimebeba mfuko wa maharage kutoka kwa mama yangu na mkono umekufa ganzi.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Mmekuja au mmejengwa?"

Kwenye kizingiti cha nyumba ya pili alikuwa ameketi jirani yake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mtu aliye katikati ya ziwa. Akaninyooshea kidole. "Na huyu mrefu? Mmatengo kamili?"

"Kamili," rafiki yangu akajibu. "Si kama mimi nusu."

"Basi leo nimepata mtani! Karibu, mtani. Inama hapo mlangoni usijigonge. Au kwenu mnaingia ndani kwa kudumbukia, kama kwenye yale mashimo ya ngolo mnayolimia milimani?"

Wote wakacheka. Mimi nikatikisa kichwa, kama vile ni kweli tunadumbukia.

Utani wetu na watu wa ziwani niliujua. Kwetu, kwenye misiba, nimewaona watani wakishika majembe ya wachimba kaburi na kukataa kuyaachia mpaka wapewe chochote, na wafiwa wenyewe wakacheka machozi yakiwa bado usoni. Lakini hiyo niliiona ni kazi ya watu wazima. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ukiitwa mtani unatakiwa kujibu.

Kesho yake asubuhi Mama Mkubwa na yule jirani walirudi kutoka kwenye mitumbwi na ndoo za usipa, wale dagaa wa ziwa lile, wadogo na wanang'aa kama sindano. Walikuwa wamenunua kwa pamoja. Wakawatandaza juu ya vichanja viwili vya nyavu nyuma ya nyumba, na mimi nikasimama pale nikitabasamu peke yangu, maana vichanja vile nilivijua. Ni vilevile tunavyoanikia kahawa: miguu ya miti, wavu juu, urefu wa kiuno. Kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona kitu ninachokielewa.

Kabla hawajanawa mikono, habari ya msiba ikaja kutoka mtaa wa juu. Mama Mkubwa akajifunga kanga. "Vijana, mtatuangalizia. Kunguru na kuku tu, hamna kingine. Mfanyabiashara wa Songea anapita kesho. Hawa wakikauka leo wanaondoka naye, wasipokauka wanatubakia sisi. Mmesikia?"

Nikatikisa kichwa.

Hawajafika mbali, rafiki yangu akavua shati. "Twende tukaogelee. Tutawachungulia kutokea majini."

Mimi sijui kuogelea. Kwetu maji marefu kuliko yote ni ya kijito tunachooshea kahawa, na hayo yanafika kwenye goti. Ningeweza kusema hivyo, angecheka kidogo, yakaisha. Badala yake nikasema, "Nenda wewe. Mimi naangalia samaki," kwa sauti ya mtu anayejali kazi. Akaniangalia, akacheka hata hivyo, akaenda.

Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikafukuza kunguru. Jua likapanda. Kule chini jua halichomi kama letu. Linakuwekea mzigo kichwani na kuondoka zake. Ilipokaribia saa sita nikaanza kuwa na wasiwasi. Kwetu mtoto yeyote anajua: kahawa ya maganda ikiwa bado mbichi haiachwi kwenye jua la saa sita. Maganda yanapasuka, daraja linashuka, na baba anauliza nani alikuwa nyumbani. Unafunika, jua likilegea unafunua. Nimefanya hivyo tangu nikiwa sijafikia kichanja, nasimama juu ya jiwe.

Nikainama chini ya vichanja, na kweli, turubai lilikuwepo, limekunjwa vizuri. Nikajiambia, unaona? Hata wao hufunika. Sasa najua lilikuwa la mvua.

Nilifunika vichanja vyote viwili. Nikachomeka pembe, nikaweka mawe pembeni upepo usifunue. Nilifanya kazi nzuri kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Nikarudi kwenye ndoo yangu nikimsikia Mama Mkubwa kichwani mwangu akimwambia jirani: huyu mtoto kalelewa.

Bibi mmoja alipita na kuni. Akasimama, akaangalia turubai, akaniangalia, akauliza kitu kwa Kinyasa, lugha ya kule ziwani, huku akionyesha kwa kidevu. Sikujua alichouliza. Nikatikisa kichwa. Akasimama tena kidogo, akaenda zake.

Harufu ilianza polepole, na mimi niliidhania ni ya ziwa. Nzi walipojaa juu ya turubai nilifurahi, nikiona wamekosa pa kuingia.

Mama Mkubwa na jirani walirudi wakiwa bado na sura za msibani. Mama Mkubwa aliona turubai akiwa kwenye kona ya nyumba. Hakukimbia, lakini hatua zilibadilika. Akashika pembe moja akafunua, na mvuke ukatoka. Nasema mvuke, kama wa sufuria. Usipa waliokuwa wakimeta asubuhi walikuwa wamelegea, matumbo yamepasuka, wameshikana kama ugali ulioungua. Jirani akafunua kichanja cha pili. Kule hali ilikuwa hiyohiyo.

"Nani kafunika?" Mama Mkubwa akauliza taratibu.

Hapo ndipo kichwa kilipokataa hata kutikisika. Nilimwangalia tu. Akajua.

"Mwanangu," akasema, "samaki anataka jua na upepo. Ukimfunika unampika." Akakaa kwenye ndoo niliyotoka kukalia mimi na kuiangalia mikono yake. Nilitamani anipige kofi. Kofi lingekuwa na mwisho.

Rafiki yangu akaja kutoka ziwani akidondosha maji, akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Akanivuta pembeni ya choo.

"Kwa nini hukuuliza? Mama Mkubwa alisema kunguru na kuku. Mdomo unao!"

Mdomo nilikuwa nao. Nilimwambia kuhusu kahawa, nusu nusu. Akanisikiliza, kisha akasema jambo ambalo hakulisema kwa hasira, na kwa sababu hiyo limebaki: "Mimi ndiye niliyekuleta."

Nikaingia ndani, nikakaa nyuma ya chandarua. Nje niliwasikia wamekaa mkekani wakichambua; wachache wanaofaa kukaangwa huku, waliobaki wakitupwa kwa bata. Nilijua mahali pangu ni pale mkekani, nikichambua nao. Kila nilipotaka kuinuka nilisikia mtu akicheka na nikarudi chini. Sikujua kwamba kicheko kile kilikuwa kinatengenezwa kwa ajili yangu, kama mtu anavyomwekea mgeni kiti.

Baadaye rafiki yangu akachungulia. "Toka. Usipotoka Mama Mkubwa atajua umenuna, na wewe ndiye uliyeharibu."

Nikatoka. Uwanjani kulikuwa na wanawake wengine watatu wanne waliokuja kuona. Viatu vyangu, vile vyeusi vya shule ambavyo ndivyo pekee nilivyokuwa navyo, havikuwa mlangoni nilipoviacha. Vilikuwa juu ya kichanja, vimetandazwa katikati ya wavu mtupu, na jirani alikuwa amesimama kando yake na kijiti cha kufukuzia kunguru.

"Mtani!" akaita. "Nimepata samaki wawili weusi. Hawa siwafuniki ng'o. Watakaa hapa juani mpaka Wamatengo wote washuke kutoka milimani na magunia ya kahawa kuja kuwakomboa!"

Wanawake wakapiga vigelegele.

"Alidhani samaki wanasikia baridi, masikini," mmoja akasema. "Kwao kila kitu kinalala na blanketi!"

"Mwacheni," jirani akasema, "alikuwa anawaonea huruma. Sema, mtani! Uliwaimbia na wimbo wa kulala?"

Wote wakanigeukia, wakingoja. Sasa ninaelewa walikuwa wakingoja nini. Nusu ya usipa wale ilikuwa mali yake, na yule mama alikuwa amechagua kuucheka msiba wake mwenyewe ili mimi nipate mahali pa kusimama. Ilibaki neno moja tu kutoka kwangu, la kijinga lolote, na hesabu ya siku ile ingefungwa kwa kicheko. Kwa watani ndivyo mambo yanavyomalizwa.

Mimi nilisikia kwamba viatu vyangu vimechukuliwa. Nikaona baba akiniuliza viko wapi. Na mbele ya wanawake wale wote, mimi kijana niliyemaliza kidato cha nne, mwenye ndevu tatu kidevuni, nikalia. Si machozi ya kufuta kwa kiganja. Nililia kwa sauti, na kamasi.

Vigelegele vikafa. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani," akaanza kukunja kanga yake aondoke. Rafiki yangu aliangalia chini. Jirani akabaki na kijiti chake mkononi, na nikaona uso wake ukibadilika: yeye ndiye aliyekuwa anaona aibu sasa. Nilikuwa nimemwaibisha mtu niliyemharibia mali. Akavichukua viatu, akavifuta magamba kwa ncha ya kanga yake, kimoja kimoja, akaviweka miguuni pangu.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikuwa natania tu."

Aliniita mwanangu, akaacha mtani.

Tulikaa siku mbili zaidi. Mama Mkubwa alitulisha vizuri, ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, na alinipa mimi kipande kikubwa, na mimi nilikimeza kama dawa. Mfanyabiashara wa Songea alipita. Nilimwona akisimama, akiongea na Mama Mkubwa kidogo, akiendelea na nyumba za mbele. Asubuhi niliamka mapema nikachota maji, nikafagia uwanja, nikamwomba Mama Mkubwa anifundishe kugeuza samaki waliokuja siku ile. Alinifundisha. Aliniachia hata kichanja kimoja peke yangu, na nilijua anafanya hivyo ili nisiondoke na lile la kwanza tu.

Lakini jirani sikuweza kumrudisha. Kila asubuhi alinisalimia kutoka kizingitini mwake kwa upole, kama mtu anavyomsalimia mgeni wa padri. "Umeamkaje, mwanangu? Umelala salama?" Halafu rafiki yangu akitokea nyuma yangu, sauti ile ya katikati ya ziwa ilirudi: "Na wewe nusu kahawa nusu samaki, umeshanawa uso au unangoja mvua?" Naye alikuwa na jibu, kila mara alikuwa na jibu, na yule mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilisimama katikati yao na ndoo ya maji.

Usiku wa mwisho nilitengeneza jibu langu. Nililigeuza kitandani mpaka likakaa sawa. Ningemwambia: Mtani, siku ukija kwetu Mbinga tutakulaza juani juu ya kichanja, bila blanketi, tuone wewe na kahawa nani atapasuka kwanza. Nililiona ni zuri. Bado naliona ni zuri.

Asubuhi tukaaga. Mama Mkubwa alimfungia mama yangu usipa waliokauka vizuri, nikapokea kwa mikono miwili na macho chini. Jirani akainuka kizingitini kutupa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Nikalisema jibu langu. Nililisema kweli, ila lilitoka kama pumzi.

Akainamisha sikio. "Unasemaje, mwanangu?"

Rafiki yangu alikuwa karibu, nadhani alisikia. Wote wawili walikuwa wananiangalia.

"Nasema asante," nikajibu.

"Haya, asante na wewe. Uwasalimie nyumbani." Kisha akamgeukia mwenzangu, akamkamata kola, akaanza kumtukana baba yake na milima yote ya Mbinga, naye akamjibu, na wakaendelea hivyo mpaka barabarani, wakicheka, mimi nikiwafuata nyuma na mizigo yetu.